Mkalimani wa Kompyuta Kuukuu

Jumatatu, 17 Februari 1997

Ayanle wa redio amenitumia mtu kabla sijamaliza chai. Dada yangu Saynab ananiita kutoka Buna! Nikaenda mbio — mbio za mtu wa umri wangu.

Chumba cha Ayanle, ambacho hapa Garissa tunakiita taar, kina meza, redio ya masafa marefu, betri ya lori na benchi la wanaosubiri zamu. Ukisema jambo lako pale, mkoa mzima unasikia. Hakuna siri kwenye taar. Tumezoea.

Habari yenyewe si nzuri. Pampu ya Buna imezima. Ile ya kisima kirefu cha bomba, ambayo shirika moja liliifunga mwaka jana. Kisanduku chake cha umeme kinawaka taa nyekundu inayopepesa, basi. Galgallo, mtunza pampu, amebonyeza kila kinachobonyezeka. Mabwawa yote makavu. Watu wanakunywa kwa gari la maji na kisima kidogo cha mkono kinachotoa kikombe kikombe. Ngamia wanavumilia. Ng'ombe hawavumilii. Wazee wa Buna wameamua: wakikosa maji mpaka mwisho wa wiki ijayo, kijiji kizima kitahamia upande wa Moyale, na mifugo iliyodhoofika hivyo hivyo.

Saynab ana mguu mbovu. Hawezi safari ile. Nikamuuliza atafanyaje.

"Mimi siendi popote, walaal, kaka yangu. Wakiondoka waniachie mbuzi mmoja wa kuzungumza naye. Ova."

Dada yangu hata msiba anautania.

Nikauliza kitabu cha maelezo ya pampu kiko wapi. Kipo! Ila si cha karatasi. Mafundi waliacha disketi moja, wakasema kila kitu kimo humo, wakaenda zao. Simu yao sasa haipokewi. Buna hakuna kompyuta. Wajir iko moja ya ofisi, lakini mwenye ufunguo amekwenda Nairobi kutafuta pasi ya Hija. Basi disketi imepakiwa kwenye lori la mbuzi, inakuja kwetu, mtaa wa Waberi hapa Garissa, kwa Ruweyda.

Ruweyda ni binti yake Saynab. Anakaa kwangu, kwa abti wake, yaani mjomba, na chumba changu cha mbele amekigeuza ofisi — anawapigia watu chapa barua kwa kompyuta. Yeye atakifungua kitabu. Mimi nitakitafsiri. Nimekuwa mkalimani wa korti maisha yangu yote ya kazi, Kiingereza, Kiswahili, Kisomali na Kiborana, na mpaka leo mji huu unaniita Turjumaan. Nimetafsiri wezi wa ngamia, mahakimu na daktari mmoja mwenye kigugumizi. Pampu itanishinda?

Jumatano, 19 Februari

Disketi imefika! Saynab aliitia ndani ya kibuyu kikavu cha maziwa, kile cha kufukizwa moshi, akakaza kifuniko. Safari nzima ile na vumbi halikuingia hata chembe. Inanukia kama kambi ya mama yetu asubuhi. Ruweyda ameinusa, akacheka, halafu akageuka akajifanya anapangusa skrini.

Tukaitia. Kompyuta ikakoroma. Ndani ina faili moja tu. Ruweyda akaifungua kwa programu yake ya kuandikia barua — ya salamu! Skrini nzima ikajaa alama: asilimia, mabano, herufi zenye kofia. Mashahidi mia wanasema kwa pamoja, kila mmoja lugha yake.

"Abti, hii ni PDF," akasema.

"Nieleze."

Akanieleza, nami naandika hapa nilivyoelewa. Ni namna mpya ya kuhifadhi kitabu ili ukurasa ubaki vile vile kila mahali, na maandishi yake na michoro yake. Lakini hausomeki bila programu yake maalumu ya kusomea. Ukiwa nayo, kitabu kinafunguka. Ukiikosa, una kelele tupu. Wazo zuri. Sijui kwa nini hawakuiweka programu hiyo ndani ya disketi ile ile. Labda walidhani kila mtu anayo.

Ruweyda amepiga simu Nairobi kwa Shamso, rafiki yake wa chuo, anayefundisha kompyuta huko. Shamso amesema anayo, mpya kabisa, imetoka juzijuzi tu. Ataipakia kwenye basi.

Ijumaa, 21 Februari

Basi limekuja nyuma ya gari la polisi la kulisindikiza, kama kawaida. Disketi tatu. Nimezichukua mwenyewe kwa kondakta, nikazibeba mikononi kama mayai.

Tukaitia ya kwanza. Tukangoja. Kikatokea kisanduku kidogo cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza: programu hii inahitaji Windows mpya zaidi. Chini yake kitufe kimoja tu cha kukubali. Yaani umekataliwa, na bado unatakiwa useme sawa!

Ruweyda alisema neno ambalo mama yake asingependa kulisikia kwenye taar.

Sasa, jambo lenyewe liko hivi. Windows ndiyo nyumba ambamo programu nyingine zote huishi. Kompyuta hii ilikuwa ya ofisi moja mjini, ikauzwa kwa mnada, na nyumba yake ni ya zamani — 3.1. Programu ya Shamso imezoea nyumba mpya ya 95. Nikauliza kwa nini tusihamie nyumba mpya. Ruweyda akanionyesha: kumbukumbu ya mashine ni megabaiti nne, na diski yake karibu imejaa. Windows mpya ikiingia, itakuwa ngamia ndani ya kibanda cha kuku.

Mke wangu Osob alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Kwa hiyo kitabu mnacho, msomaji mnaye, na hamsomi."

"Ndiyo."

"Nyinyi wawili mmesoma sana," akasema, akaenda zake na birika.

Jumamosi, 22 Februari

Simu ya posta, foleni ndefu. Ruweyda anamwuliza Shamso kama hana programu ya kusomea ya zamani kidogo, inayolingana na mashine yetu. Hana. Aliifuta alipopata mpya. Ameuliza chuo kizima, wote wamefuta. Nairobi siku hizi kila mtu anakimbilia kipya, cha jana hakina mwenyewe.

Halafu nikamwona Ruweyda anasimama wima. Akanipa simu. "Abti, sikiliza mwenyewe, utafurahi."

Shamso akanieleza polepole, kwa adabu. Kuna programu nyingine, ndogo, ya disketi mbili. Inakaa katikati. Programu mpya inasema kwa lugha yake mpya, hii inasikia, inaigeuza kuwa lugha ambayo Windows ya zamani inaijua, kisha jibu inalirudisha kwa njia ile ile. Si kila neno inaliweza, akasema, lakini mengi inayaweza.

"Binti yangu," nikasema, "huyo ni mkalimani!"

"Ndiyo, Mzee. Ni mkalimani."

Nimecheka mpaka mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akauliza kama nimeshinda kesi. Miaka yote ile kortini, hakimu huku, mfugaji kule, na mimi katikati, hakuna anayeniangalia ila nikikosea. Na sasa wametengeneza mwingine wa waya! Nikarudi nyumbani nikamweleza Osob. Akauliza kama na huyo naye atakuwa anaongea hata wakati wa kula.

Jumatatu, 24 Februari

Mkalimani amefika na basi la asubuhi. Nafasi haikumtosha kwenye diski. Ruweyda alifuta picha, akafuta barua za zamani za wateja walioshachukua zao, akafuta na mchezo mmoja wa ndege za kivita, huo kwa uchungu. Akamtia.

Na hapa kuna ajabu. Waliomtengeneza waliona mtu atataka kujua kama mkalimani amefika salama. Wakamwekea jaribio. Jaribio gani? Mchezo wa karata! Ukifunguka ukachezeka, basi anafanya kazi. Mimi, Hirsi, nisiyeruhusu karata nyumbani kwangu tangu nioe, nimeinama mbele ya skrini namwambia mpwa wangu, "Weka malkia mwekundu juu ya mfalme mweusi, haraka!"

Ndipo Osob akaingia na jirani aliyekuja kuazima sufuria.

"Pampu ya Buna," akasema Osob, "mnaitafuta kwenye karata?"

Nilianza kueleza. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua. Jirani alitikisa kichwa kwa heshima, akaondoka bila sufuria. Kufikia alasiri watu wawili wameniuliza msikitini kama ni kweli.

Lakini karata zinachezeka. Mkalimani yuko kazini.

Jumanne, 25 Februari

IMEFUNGUKA!

Tuliamka baada ya swala ya alfajiri, kabla ya joto, kwa sababu joto la Garissa likipanda mashine hii inaganda kama mtu aliyepigwa na jua. Ruweyda akatia disketi za Shamso, moja, mbili, tatu. Safari hii haikukataa. Ikakoroma, ikanyamaza. Tukadhani imekufa. Halafu kutoka juu, mstari baada ya mstari, kama pazia linateremshwa — ukurasa wa kwanza. Jina la pampu. Kitabu cha mwendeshaji. Ruweyda akanikumbatia shingo, miwani yangu ikaanguka.

Polepole mno. Ukurasa mmoja unachukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na si chai ya moto. Herufi nyingine zimebadilishwa na visanduku vitupu, na inabidi nikisie neno kutokana na jirani zake. Hilo si geni kwangu, nilifanya hivyo kwa yule daktari. Ruweyda ameondoa kila kitu kingine kwenye kumbukumbu ili msomaji apate nafasi. Saa haionyeshwi tena, picha ya nyuma hakuna. Mashine nzima inasoma, basi. Feni ya nyumba tumeielekeza kwake.

"Feni hii tulipewa kwenye harusi yetu," Osob amesema. "Sasa kompyuta ndiyo iliyoolewa nayo."

Ruweyda anageuza kurasa, mimi naandika kwa penseli. Kesho nawasomea Buna.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya vituko.

Taar ilijaa. Benchi halikutosha, wengine wakasimama dirishani. Saynab alikuwa Buna kwenye redio, na Galgallo pembeni yake, tayari kukimbilia kisimani kwa kila hatua. Kitabu kinasema taa ile nyekundu ni lugha: namna inavyopepesa ndiyo inayotaja ugonjwa. Lakini kwanza kinataka kisanduku kifunguliwe na nyaya zikaguliwe. Basi nikaanza, kwa Kisomali, kisha kwa Kiborana kwa ajili ya Galgallo. Zima umeme wote. Fungua nati za mfuniko. Vuta mfuniko kwako taratibu. Tafuta waya wa kijani.

Sauti ikaingia, kwa Kiswahili. "Mzee, mfuniko nimetoa. Waya ya kijani sioni."

"Tazama chini, Galgallo."

"Mimi si Galgallo. Mimi Abdiwahid wa Masalani."

Masalani! Kule chini, karibu na mto Tana, siku mbili kutoka Buna ukiwa na gari zuri.

"Abdiwahid, pampu yako nayo imekufa?"

"Hapana, Mzee, alhamdulillahi. Bampu ya shamba, ilikuwa nafanya kazi sana. Mimi nasikia Turjumaan nasoma kitabu, nasema hii elimu ya bure siachi."

Hapo redio yote ya mkoa ikapasuka kicheko. Wajir wanacheka, Mandera wanacheka, Ayanle amelala juu ya meza. Saynab akaingia: "Abdiwahid, Mungu akupe akili, au achukue spana. Ova."

Nikamwambia arudishe kila kitu kinyumenyume, cha mwisho kiwe cha kwanza. Baada ya muda akarudi hewani. Pampu inawaka, anasema, ila nati moja imebaki mkononi. Nikamwambia aihifadhi mahali pazuri na asiniambie tena.

Buna nyaya zote salama. Wakawasha umeme tena, nikauliza taa inapepesa vipi. Galgallo alikwenda kuitazama, akarudi: ndefu moja, fupi mbili. Nikatafuta kwenye karatasi zangu. Nikapata. Nikasoma Kiingereza mara mbili peke yangu kabla ya kufungua mdomo.

Ndefu moja na fupi mbili maana yake pampu imejizima yenyewe kwa sababu haihisi maji. Kuna kijiti cha chuma kinachoning'inia kisimani, kazi yake kuonja kama maji yapo. Kikionja ukavu, pampu inazimwa isiungue. Na kitabu kinasema sababu ni mbili tu. Ama kijiti kimeshikwa na uchafu, hakionji. Ama kisima kimekauka.

Nilitafsiri vyote viwili. Kwa lugha zote mbili.

Hakuna aliyecheka. Hata Mandera.

Mwisho Galgallo akauliza tutajuaje ni ipi. Kitabu kinasema: tazama ukurasa wa 31.

Alhamisi, 27 Februari

Ukurasa wa 31 ni mchoro, na mchoro hauonekani.

Maneno yapo, machache. Yanasema kijiti kivutwe juu kikasafishwe, na kwamba kisimani zinashuka nyaya mbili sambamba: mmoja wa kijiti, mwingine wa pampu yenyewe. Kisha yanaonya kwa herufi nene: usiguse ule wa pampu, ukifunguka kwenye kibano chake mzigo wote unaweza kutumbukia chini. Sawa. Upi ni upi? "Kama inavyoonekana kwenye mchoro." Na mahali pa mchoro pana mraba mweupe na ujumbe: kumbukumbu haitoshi.

Nilimwambia Ruweyda kwamba kila mkalimani ana neno lake linalomshinda. Alikuwa amekunja miguu kitini kama mama yake anavyokunja akiwa na hasira ya kazi. Akajaribu hili, akajaribu lile. Mashine ikaganda mara mbili. Halafu akasema, kama anajiambia: "Mchoro mzima haiwezi. Kipande je?"

Akaukuza ukurasa. Akaukuza tena, mpaka skrini ikabeba kona moja tu, ndogo. Tukangoja. Mistari ikaanza kutokea! Mashine ilishindwa kuubeba mchoro wote mara moja, lakini kipande kimoja kimoja inakibeba. Mimi nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikageuza upande mweupe, nikanakili kona ile kwa penseli. Akasogeza. Tukangoja. Nikanakili. Akasogeza. Asubuhi yote hivyo, jasho linanitiririka kwa sababu feni si yangu.

Tulimaliza kipande cha mwisho, mashine ikaganda papo hapo. Haikutudai zaidi.

Tukavitandaza vipande sakafuni, tukaviunganisha kwa gundi ya unga aliyoipika Osob. Osob akasimama juu ya mchoro, mikono kiunoni. "Mmoja bapa, mmoja mviringo," akasema. Na kweli! Rangi hazikuonekana, zote kijivu, lakini umbo liko wazi. Waya wa pampu ni bapa na mpana. Wa kijiti ni mwembamba, mviringo.

Nikaenda taar mbio. Nikamwambia Galgallo: acha kabisa ule ulio kama mkanda wa kufungia mzigo wa ngamia. Shika ule ulio kama kamba ya ndama.

"Mzee," akasema Galgallo, "kitabu kimeandika hivyo, kamba ya ndama?"

"Kingeandika hivyo kama kingejua kinasema na nani."

"Abdiwahid!" Saynab akaita. "Wewe huna ng'ombe, usishike kitu! Ova."

Ijumaa, 28 Februari

Baada ya swala. Kijiti kimetoka salama. Galgallo anasema kimevaa gamba jeupe, nene kama ganda la yai. Chumvi ya maji ya Buna, kila mtu anaijua, huacha alama mpaka kwenye meno. Watu wakaanza kushangilia hewani. Nikawazuia. Gamba linasema kijiti ni kichafu. Halisemi kama maji yapo. Yanaweza kuwa mambo yote mawili pamoja. Sikupenda kulisema, lakini ndivyo kitabu kinavyosema.

Kitabu kinataka gamba liyeyushwe kwa asidi hafifu, siki kwa mfano, bila kukwaruza. Galgallo: siki ni kitu gani? Dukani Buna haipo. Ndimu haipo.

Osob alikuwa amenifuata, amesimama dirishani na wanawake wengine. "Waambie maziwa ya ngamia yaliyochacha," akasema. "Sufuria yangu yenye magamba naisafisha kwa nini kila wiki? Au huwa hutazami?"

Nikatafsiri. Maziwa, wakati huu! Ngamia wanatoa kidogo mno, na hicho kidogo ndicho chakula. Kisha Saynab:

"Nina kibuyu kimoja. Nilikiweka kwa ajili yangu, nyinyi mkishaondoka. Chukueni. Na hicho kijiti kikishiba kiniombee dua. Ova."

Ruweyda alikuwa pembeni yangu. Akaangalia sakafu.

Kijiti kitalala kwenye maziwa mpaka kesho. Galgallo anasema familia tatu hazikungoja, zimeshafunga mizigo na kuondoka asubuhi. Wengine wameshaandaa kamba za mizigo, wako tayari.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika hapa hapa taar, kwenye benchi, daftari juu ya goti. Ruweyda amefunga ofisi yake mchana kwa mara ya kwanza, amekaa karibu yangu. Kompyuta tumeiacha inawaka nyumbani, ukurasa wa 31, na Osob ameketi mbele yake anailinda na feni. Amesema ikiganda atakuja kuniambia mwenyewe, mimi nisinyanyuke.

Gamba limetoka lote. Chuma kinang'aa, Galgallo anasema unajiona uso. Wamekishusha kwa kamba ya ndama, polepole, mpaka pale pale kilipokuwa. Nimewasomea hatua za mwisho. Washa umeme. Bonyeza kitufe cha kijani, ukishikilie. Achia. Taa nyekundu itazima, na pampu itakaa kimya kitambo, inaonja. Kisha moja kati ya mawili. Ama itaanza kuvuta. Ama taa itarudi, ndefu moja, fupi mbili, na hapo hakuna ukurasa mwingine.

Redio ya Buna iko dukani na kisima kiko mbali kidogo, ng'ambo ya uwanja. Kwa hiyo wamepanga hivi: Galgallo yuko kisimani. Saynab amesimama mlangoni mwa duka na fimbo yake, anatazama na kupaza sauti. Mwendesha redio wao, mama mmoja aitwaye Tiya, anatuambia anachosikia.

Tiya: amewasha.

Tiya: amebonyeza.

Tiya: ameachia. Taa imezima. Tunangoja.

Tukangoja. Wajir kimya, Mandera kimya, hata Masalani. Ayanle ameshika kipaza sauti na hakibonyezi.

Kisha sauti ya Tiya, imekatika katikati ya neno. Kishindo — kama kiti kimeanguka. Na baada ya hapo si ukimya wa kawaida. Ni mvumo. Ayanle anasema kipaza sauti chao kimeangukia kitu, kimebaki kimebanwa, ndiyo sababu hawatusikii tukiwaita. Tunasikia tu. Chumba kitupu. Mbuzi mmoja, karibu sana, anatafuna kitu. Mlango unapigwapigwa na upepo. Na mbali, mbali kabisa, watu wengi wanapiga kelele kwa pamoja.

Nimekuwa nikisikiliza watu maisha yangu yote. Kelele hii sijaijua. Wanagombana? Wanalia? Fimbo ya Saynab haisikiki.

Mwendesha redio wa Wajir anauliza kama kuna mtu Buna. Anauliza tena. Anasema, taratibu, kwamba hajawahi kusikia Tiya akiacha redio yake peke yake.

Ruweyda ameshika mkono wangu. "Abti, wanasema nini?"

Nimemwinulia kidole angoje. Nimesogeza sikio karibu zaidi na redio. Kule kule mbali, chini ya zile kelele, kuna kitu kama debe tupu linagongwa na jingine, na jingine tena, kama watu wanaosukumana kwenye bomba la maji —